Nani Alimwangusha Mefiboshethi?

Somo: 2 Samweli 4:4 na 9:1–13, Waamuzi 13:2–14

Ujumbe huu niliuhubiri Jumapili iliyopita kwenye ibada ya pili. Wengine wenu mliondoka mapema kwa sababu ya mvua, na wengine mmenipigia simu wiki hii mkiuliza kama kweli Pasta alisema kile mliambiwa alisema. Kwa hivyo Mchungaji ameniomba niuandike. Nimeongeza mambo machache ambayo pale madhabahuni saa ilinikimbiza.

Twende kwa Neno. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari zilipofika kutoka Yezreeli kwamba babu yake Sauli na baba yake Yonathani wameuawa vitani. Nyumbani kukawa na mbio. Yaya wake akamnyakua akakimbia naye, na katika ile haraka mtoto akaanguka, miguu yote miwili ikalemaa. Ni mstari mmoja tu, kisha Biblia inaendelea na mambo mengine. Yule yaya hatajwi jina. Hatuambiwi kama aliadhibiwa. Tunajua tu kwamba alishikwa na hofu, na kwamba yeye ndiye alikuwa amembeba.

Miaka inapita. Ukifika sura ya 9 Daudi sasa ni mfalme, na anauliza kama kuna yeyote aliyebaki wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Siba anamwambia yuko mmoja, mwana wa Yonathani, lakini miguu yake imelemaa. Hebu angalia mfalme anauliza nini baada ya hapo. Anauliza yuko wapi. Basi.

Mimi ningeuliza nani alimwangusha. Nawaambia ukweli. Nilisomea biashara chuo kikuu, na kabla ya kuitwa kwa huduma nilifanya kazi ya hesabu. Kule, mali ikipotea stoo, kazi yako ya kwanza ni kutafuta jina la kuandika kando ya hasara. Hiyo kalamu nilikuja nayo kanisani. Wanafunzi wa Yesu pia walikuwa nayo, someni Yohana 9, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu na wakataka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana alikataa hesabu yao.

Mwaka jana kwenye shule ya Jumapili tulikuwa na kijana wa miaka tisa. Wengi mnamjua. Mama yake na nyanya yake wamenipa ruhusa niandike. Jina nimeliacha kwa sababu yeye mwenyewe hajafika umri wa kuamua. Ni mtoto mchangamfu. Anaongea vizuri, anasalimia kila mtu, anakumbatia hata wageni asiowajua. Ukimfunza mstari wa Biblia saa nne, saa nne na nusu anausema wote bila kukosea. Jumapili inayofuata ni kama hajawahi kuusikia maishani. Walimu wakasema anatuchezea. Ukimwambia funga kitabu, chukua viti, panga pale nyuma, kisha uende unawe mikono, utampata amesimama katikati ya darasa ameshika kiti kimoja. Na wakati wa sifa, spika zikipandishwa, alikuwa anaziba masikio na kutimua mbio hadi nje kwa geti. Kuna mtu alisema, na mimi nikatikisa kichwa kukubali, ati kuna kitu ndani ya huyu mtoto kinachokimbia sifa.

Kisha ikaja siku ya kikapu. Alichukua noti ya mia mbili kutoka kikapu cha sadaka ya watoto, mchana peupe, mwalimu akimwangalia. Nilipomuuliza alisema amepewa na mjomba wake. Nikamwambia mwalimu amekuona. Akasema ameiokota kwa ngazi. Dakika tano baadaye hadithi ilikuwa nyingine tena, na zote alizisema akiniangalia machoni kama mtu anayeamini anachosema. Nikamsimamisha mbele ya wenzake. Akacheka. Nikaona kiburi. Nikamtoa kwenye mchezo wa Krismasi, ambao alikuwa ameufanyia mazoezi miezi miwili, na nikamwambia nyanya yake kwamba tutamwombea Ijumaa tatu mfululizo.

Tulimwombea. Nyinyi mliokuwepo mnakumbuka zile sauti, na mtoto anaziba masikio, na sisi tunamshika mikono ili asizibe. Nimetubu hilo mbele za Mungu na mbele ya nyanya yake, na leo natubu kwa maandishi. Jumapili baada ya ile Ijumaa ya tatu, alichukua sanduku la kalamu la mtoto mwingine.

Aliyenisimamisha ni dada yetu mmoja ambaye ni muuguzi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Pasta, kuna mtu amewahi kuuliza huyu mtoto alibebwa vipi?" Sikumwelewa. Akanieleza nusu saa pale kwa gari, na nataka niwaeleze kama nilivyoelezwa, kwa sababu nina hakika yule kijana si peke yake hapa mtaani kwetu.

Mama mjamzito akinywa pombe, pombe inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na kiwango katika damu ya mtoto kinakaribia kile cha mama. Ini la mtoto halijakomaa kuisafisha. Pombe hiyo inagusa ubongo unapojengwa, na ubongo unajengwa miezi yote tisa. Haijalishi ni chang'aa, busaa, muratina, mvinyo wa harusi au bia ya chupa yenye kibandiko kizuri. Hakuna kiasi ambacho madaktari wanaweza kukuhakikishia ni salama, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito asinywe kabisa. Dawa zingine za kulevya zina madhara yake pia. Mtoto aliyezoea heroini tumboni anaweza kuzaliwa akitetemeka na kulia bila kunyamaza. Lakini pombe ndiyo inayoacha jeraha la kudumu kwenye ubongo, na ndiyo inauzwa halali kila kona.

Hospitali jeraha hilo lina jina refu ambalo hufupishwa kwa herufi nne: FASD. Andikeni mahali, mtahitaji kuzitaja mkifika kwa daktari. Hata madaktari walichelewa kuliona. Daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika juu ya watoto 127 wa namna hii mwaka 1968 na karibu hakuna aliyemsikiliza. Ni mwaka 1973 ndipo madaktari wa Seattle, Marekani, walipoupa ugonjwa jina na dunia ikaanza kuangalia. Watoto wachache wana alama usoni, mdomo wa juu mwembamba, macho madogo. Wengi hawana alama yoyote. Ukimwona ni mtoto kama watoto wengine, na hapo ndipo shida inaanzia, kwa sababu mguu uliolemaa kila mtu anauona.

Basi fikirieni tena yule kijana. Leo anakumbuka, kesho hakumbuki: kumbukumbu yake inakatika kama stima. Amri nne kwa pamoja zinamshinda, anabaki na moja. Kelele tunazoziita uwepo zinamuumiza kichwa. Anaona kitu anakitaka, mkono unaenda kabla wazo halijafika, na neno "cha mwenyewe" bado halijamwingia vizuri. Ukimuuliza kwa ukali, anatafuta kichwani, hapati, anajaza pengo na hadithi yoyote iliyo karibu. Mimi niliita huo uongo. Na kile kicheko kilikuwa hofu.

Dada muuguzi alisema jambo lingine ambalo lilinikaa. Hakuna kipimo cha damu cha ugonjwa huu kwa mtoto mkubwa. Daktari anamwangalia mtoto, anampima anavyofikiri na kujifunza, na kwa sehemu kubwa anategemea mama aseme ukweli kuhusu ile mimba. Sasa chukueni hilo mliweke kando ya kanisa letu. Mama akisema ukweli hapa, nini kinamfuata? Tunamtoa kwaya. Tunamhubiri bila kumtaja jina huku kila mtu akigeuza shingo. Kwa hivyo ananyamaza, na akinyamaza mtoto wake anaendelea kuitwa mwizi. Mimi naona hapo ndipo kanisa limewaumiza watoto hawa mara ya pili.

Wacha pia niweke tahadhari, kwa sababu nawajua. Tafadhali msitoke hapa kuwaangalia watoto wa jirani na kuhesabu nani alikunywa. Malaria iliyopanda kichwani, kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, kifafa, masikio yasiyosikia vizuri, hata njaa, vyote vinaweza kumfanya mtoto asumbuke darasani. Kazi ya kutambua ni ya wataalamu. Serikali ina vituo vya kutathmini watoto vinavyoitwa EARC, vimekuwepo tangu 1984, ulizia kwa ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Taasisi ya KISE kule Kasarani pia hufanya tathmini. Sisi tulikaa na mtoto miaka mitatu kwenye shule ya Jumapili na hakuna aliyetaja hata kimoja. Ijumaa za maombi tulizipata haraka sana.

Mama yake alikuja ofisini Jumatano moja jioni. Wakati huo alikuwa haji kanisani, mtoto alikuwa analetwa na nyanya. Alikuwa anapika chang'aa, na anayepika huonja, na mteja hununua haraka akiona mwenye kuuza naye anakunywa. Miezi mitatu ya kwanza ya ile mimba hakujua ana mimba. Alipoenda kliniki mwezi wa tano, mhudumu alisikia harufu akamwaibisha mbele ya foleni nzima, naye hakurudi tena mpaka siku ya kujifungua. Yote hayo alinieleza akiangalia sakafu. Kisha akaniuliza, "Pasta, kwa hivyo ni mimi nilimharibu?"

Wapendwa, nina digrii na nina cheti cha chuo cha Biblia. Nilifungua Biblia nikaifunga. Dada muuguzi, ambaye nilikuwa nimemwomba akae nasi, ndiye alimjibu. Alimwambia, "Mama, pombe ilimuumiza, sitakudanganya. Lakini hapa hakuna anayemjua huyo mtoto kukushinda. Tusaidie kumlea." Yule mama alilia kwa muda mrefu. Halafu akaanza kutuambia vitu: kwamba akimshika begani kwanza ndipo aongee, mtoto anasikia, kwamba jioni akichoka usimwambie kitu chochote kipya, kwamba viatu na sare lazima viwekwe mahali pale pale kila usiku, la sivyo asubuhi inaharibika. Alikuwa na maarifa ambayo sisi tumeyakosa miaka mitatu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Sasa mtasema, Pasta, unafunika dhambi. Sifuniki. Fungueni Waamuzi 13. Malaika wa Bwana anamtokea mke wa Manoa na kumwambia atachukua mimba, na ajihadhari asinywe divai wala kileo. Nimehubiri Samsoni sijui mara ngapi, Delila, nywele, mbweha, milango ya Gaza, na sijawahi kusimama kwa mama yake. Najua pale sababu ilikuwa nadhiri ya Mnadhiri, na Biblia si kitabu cha udaktari. Lakini onyo lilikuja mapema, lilikuja wazi, na lilikuja bila matusi. Na Manoa anapoomba aelezwe jinsi ya kumlea mtoto, malaika anamrudishia yale yale: mama asinywe. Yaani mume naye analazimika kusikia. Analisikia jambo hilo kama kazi yake pia.

Wanaume, hapo nataka tukae kidogo. Ile chang'aa ilikuwa inanunuliwa na nani? Wateja wengi walikuwa wanaume wenye mishahara, na wengine, naomba mnisamehe, tunawaona hapa siku ya harusi. Mwenye nyumba alichukua kodi akijua inatoka wapi. Kule Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ya Western Cape, kwa vizazi vingi wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na leo eneo hilo ni kati ya yale yenye watoto wengi zaidi wenye FASD duniani. Utamlaumu mama mmoja kwa hilo? Faida huliwa na wengi, na hasara ikija inaandikwa kwa jina la mwanamke. Mimi niliyesoma hesabu nawaambia hicho kitabu kimepikwa. Ndugu, kama mkeo ana mimba na wewe unaleta chupa nyumbani unamwambia aonje kidogo, wewe ndiye Manoa ambaye hakusikia.

Na kwa dada mjamzito anayesoma hii na amekuwa akinywa: usiseme tayari nimeharibu. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, na mwezi wowote utakaoacha unamsaidia. Kama umezoea kunywa kila siku, usiache ghafla peke yako nyumbani kwa sababu ya mahubiri yangu. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka hata kupata degedege. Nenda hospitali, waambie ukweli, wakusaidie kushuka. Hata wanaotumia heroini wana dawa wanayopewa na daktari wakiwa wajawazito. Ukiogopa kwenda peke yako, utasindikizwa.

Turudi kwa Daudi. Wengi tunapenda ile picha ya meza ya mfalme, lakini ukisoma kama mtu wa biashara utaona Daudi alitenga bajeti. Alimrudishia Mefiboshethi mashamba, akampa Siba kazi ya kuyalima, na Siba alikuwa na wana 15 na watumishi 20. Hiyo ni watu 36 wamepangiwa kazi kwa sababu ya mtu mmoja asiyeweza kutembea. Na mstari wa mwisho wa ile sura unarudia kwamba bado alikuwa amelemaa miguu yote miwili. Mimi ni Mpentekoste, naamini Mungu anaponya, na kijana wetu bado tunamwombea, kwa sauti ya chini na mkono begani. Lakini meza haikungoja miguu ipone.

Kwenye shule ya Jumapili tulianza na vitu vidogo. Ana kiti chake, hakibadilishwi. Anaambiwa jambo moja, akimaliza anaambiwa la pili. Mwalimu mmoja ndiye wake, na Jumapili mwalimu akikosa tunamjulisha mapema. Ratiba tumeichora kwa picha ukutani, maombi, hadithi, chai, na kumbe watoto wote wanaipenda. Sifa zikianza, mhudumu mmoja anatoka naye, wanakaa kwenye chumba cha vyombo na mlango umefungwa. Akikosea, tunarekebisha hapo hapo. Kumwadhibu Jumapili ijayo kwa kosa la leo ni kumwadhibu mtoto asiyejua unasema nini. Kuhusu kikapu tulifanya kikao cha dakika arobaini, hadi mwalimu mmoja akauliza kwani kikapu kinakaa mlangoni kwa nini. Tukakihamisha. Tangu hapo ameiba mara moja, na ilikuwa mandazi.

Bado si rahisi. Jumapili mbili zilizopita alimpiga mwenzake na kiatu, na mzazi wa yule mwenzake ana haki ya kukasirika. Tulimwomba msamaha.

Sasa nije kwa lile ambalo nyote mnangoja. Mlimsikia mama yake mwenyewe akitoa ushuhuda mwezi uliopita: kwamba ameacha kupika, kwamba ana mimba ya miezi mitano, kwamba kikundi cha akina mama kimempa shilingi elfu kumi na mbili aanze kuuza chapati na maharagwe. Mlipiga makofi. Siku kumi baadaye alianguka, akanywa Jumamosi usiku, na Jumatatu alikuja mwenyewe kutuambia kabla ya mtu mwingine kutuambia. Tangu siku hiyo hajanywa, ni wiki ya tatu sasa, na muuguzi wetu amempeleka hospitali mara mbili. Lakini ndugu watatu wameandikia wazee wa kanisa kwamba pesa zirudishwe, na mmoja akaniuliza usoni, wewe uliyesoma biashara, huo ni uwekezaji gani?

Nilimwambia nitamjibu madhabahuni. Jibu langu ni kwamba zile pesa hazirudi, na nimewaomba wazee waongeze elfu nne za kodi ya nyumba hadi ajifungue, ili asirudi kwa ile jerikeni kwa sababu ya mwenye nyumba. Wazee wanakutana Alhamisi. Kama mna maoni tofauti, njooni mseme pale, msiseme kwa foleni ya chai.

Jumatano ana kliniki saa mbili asubuhi. Muuguzi wetu yuko kazini siku hiyo, kwa hivyo tunahitaji dada mmoja wa kumsindikiza na kukaa naye kwenye foleni, na mwingine wa kuuza chapati mpaka saa sita. Mwoneni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kabla ya Jumanne jioni. Jumapili akija huketi safu ya mwisho karibu na mlango, upande wa kushoto, na kijana wake yuko naye hadi sifa zianze. Hiyo safu huwa ina nafasi nne.